Kipande cha Sabuni kwa Jina la Mkwe

Hadi leo nikisikia harufu ya wino wa mashine ya kudurufu, mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Miaka ile ya wakimbizi nilishuka Ngara kutoka kwenye lori la maharage, baada ya kuzurura Biharamulo mpaka nikapachoka. Shule niliiacha darasa la tano, ila hati yangu ilikuwa nzuri, kuchora nilijua, na Kihangaza, lugha ya huko inayosikilizana na ya wakimbizi, nilikiokota njiani. Hayo yalitosha kuniingiza kwenye mradi wa kuwaandalia wanawake wa kambini kitabu cha Kiswahili. Mkuu wetu, mtu wa Dar es Salaam, alitunga masomo. Mimi niliyaandika na kuyachora kwenye stensili, karatasi za nta za mashine ya kudurufu. Tuliyajaribu darasani, chini ya turubai, kabla ya kuyachapa.

Somo la kwanza liliitwa "Familia Yangu". Kila mwanafunzi asimame, ataje jina la baba mkwe na la mama mkwe. Nilimwambia mkuu halifai. Huku mke hatamki majina ya wakwe zake, na kwa hawa waliovuka mpaka desturi hiyo ni kali zaidi; hata kwenye mgao wa chakula humwomba mtu mwingine awatajie. Nikapendekeza tuweke majina ya watoto. Alikuwa akila nyama ya mbuzi, akajifuta vidole kwenye rasimu yangu.

"Kiswahili hakina wakwe, bwana," akasema.

Darasani alikuwepo mjane mmoja, mwepesi kuliko wenzake wote. Zahanati ya kambi ilitaka mkalimani, na mkuu ndiye aliyeachiwa kumchagua. Mjane aliitaka kazi ile kwa ajili ya wanawe na mama mkwe wake, ambao wote alilala nao hema moja. Siku ya jaribio alijibu kila swali la mkuu bila kukwama, mpaka wakafika kwenye familia.

"Mama mkwe wako anaitwa nani?"

Akainamisha macho. "Mwalimu, naomba jirani yangu anisaidie."

"Kwani jirani yako ndiye anayeomba kazi?"

 Mkuu akatoa mfukoni kipande cha sabuni, akakiinua juu kama anayemwita mbwa kwa mfupa. "Taja, mama, ukaoge."

Alicheka peke yake. Kambini watu walifua kwa majivu, naye alilijua hilo. Mjane hakuitazama sabuni. Aliutazama ubao, nilikobandika picha ya bibi mwenye kilemba, akalitaja jina kwa sauti ya chini. Wanawake wa benchi lake wakasogea mbali naye. Mmoja akatema mate.

"Umeona?" mkuu akaniambia. "Kuna aliyekufa?"

Kazi alipewa. Sabuni ilibaki pale kwenye benchi, hakuna aliyeigusa.

Baadaye nilipita hemani kwao. Mama mkwe alikuwa nje, amejitengea mafiga yake, anachemsha mahindi matupu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nilipomuuliza kwa nini anapika peke yake, naye mkwe wake sasa ana mshahara, alikoroga chungu kwanza.

"Aliniuza mbele za watu," akasema. "Basi ale yeye."

Kitabu kilichapwa, na somo lile likiwa la kwanza, pamoja na mchoro wangu wa bibi wa kilemba, anacheka. Mkuu alinipa nakala. Niliitupa chooni kabla sijadandia lori la Rulenge.