Filamu Niliyoisugua kwa Majivu

Mjukuu wangu akimwaga siki kwenye kachumbari, pua yangu inarudi Shelui, kwenye chumba cha giza cha baba mdogo, fundi picha. Dawa zake za kusafishia picha zilinuka hivyohivyo. Shule niliiacha darasa la tatu, sifichi, lakini kusugua sufuria hakuna aliyeniweza. Hilo ndilo lililoniponza.

Baba mdogo alikuwa ameona nyota yenye mkia, akaipiga picha tatu mfululizo. Mwalimu mmoja alipoonyeshwa ya kwanza, mkia umefifia, akacheka mbele ya wateja.

"Fundi, mkia gani huu? Umeacha dole lako hapa!"

Basi madereva wa malori waliosimama pale wakamwita Fundi Dole, na wateja wakaanza kumkimbia. Akaapa kuzilaza filamu zote tatu, moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota, azitoe picha moja. Uchafu haukai mahali palepale mara tatu, alisema. Mwalimu akakubali kuja Jumamosi mchana ajionee.

Jumamosi asubuhi nikaikuta filamu moja mezani. Jamani! Imejaa vidoa vyeusi, kama nzi wameinyea. Nikachukua majivu na gunzi, nikasugua mpaka ikabaki nyeupe. Nikamwita anisifu.

Hakupiga kelele. Aliiinua filamu kwenye mwanga, akaikagua.

"Mwanangu, umefuta nyota. Kwenye filamu cheupe huwa cheusi."

Nyota, mimi, na gunzi!

Mwalimu akabisha hodi. Baba mdogo akazilinganisha mbili zilizobaki, akazipitishia mwanga hadi kwenye karatasi ya picha, akaitumbukiza karatasi hiyo kwenye dawa. Tukainama wote watatu. Polepole mkia ukajitokeza, umekolea kuliko mwanzo.

"Nisamehe, fundi," mwalimu akasema. "Na ile ya tatu?"

Baba mdogo akajibu bila kunitazama:

"Nimeiharibu mwenyewe. Uzembe wangu."

"Aa, Fundi Dole, nilijua tu!" Mwalimu akacheka, akaondoka na ile picha ya nyota.

Siku ile nilifurahi kwamba nimekwepa fimbo, basi. Mpaka nilipopata mashine yangu ya kukamua alizeti, na jina la kulinda, ndipo niliposhtuka upya: mtu aliyehangaika wiki nzima kulisafisha jina lake alilichafua tena kwa hiari, mbele ya mwalimu yuleyule, ili mimi nisichekwe.