Ndoo nne za maganda zaokoa kazi ya Edinah

Saa moja kasoro asubuhi. Ukungu haujaondoka vizuri juu ya mlima Menengai, na Edinah Adero tayari anashuka ngazi na ndoo ya ghorofa ya tatu. Anaitua uani, anafungua kifuniko, anachungulia.

"Hawa jana walikula ndizi," anasema. Anafungua ya ghorofa ya pili. "Hawa wako na wageni. Ona maganda ya machungwa! Ghorofa ya pili hawanunui machungwa hivi hivi tu."

Edinah, mwenye miaka 46, ni mtunzaji wa jengo la ghorofa nne mtaani Free Area, Nakuru. Nyumba ni 24. Anafagia, anaosha ngazi, anafungulia watu maji, anatoa taka. Wapangaji wanamwita Mama Jerry, kwa jina la kifungua mimba wake. Babu yake alikuja Nakuru kufanya kazi ya reli, na yeye mwenyewe hajui kwao kwingine.

Analipwa shilingi 9,000 kwa mwezi na kupewa chumba kimoja kando ya lango, bila kodi. Kazi ikienda, chumba nacho kinaenda.

Mwezi wa pili mwaka huu, nusura viende vyote viwili.

Ilikuwa hivi. Watu wa lori la taka hutoza kwa gunia, na Januari walipandisha bei kutoka shilingi 100 hadi 150. Jengo lilikuwa likitoa magunia 14 kwa wiki. Ukipiga hesabu ya mwezi, ni shilingi 8,400. Wakamwambia mwenye jengo kwamba akiwapa na kazi ya kufagia, watamfanyia bei nzuri.

Mwenye jengo ni Mzee Hezekiah, mwalimu mstaafu wa Elburgon. Alishuka mjini na risiti mkononi.

"Aliniambia, 'Mama Jerry, taka inakula mshahara kama wewe. Siwezi kulipa nyinyi wawili. Mwisho wa Machi, mmoja ataondoka,'" Edinah anakumbuka. Sasa anacheka. Siku ile hakucheka.

Wala hakulia. Alivaa glavu, akaenda kufungua magunia, moja baada ya jingine, aone ni nini hasa kinacholipiwa. Zaidi ya nusu ilikuwa maganda ya viazi, ndizi za kupika, kabeji, mabua ya sukuma wiki. Vitu vibichi, vizito, vimejaa maji.

"Tulikuwa tunalipia maganda nauli," anasema.

Kanisani yeye huketi benchi moja na Jepleting, mama anayefuga nguruwe 12 upande wa Kiamunyi. Jumapili hiyo, baada ya ibada, alimweleza.

"Na mimi nazunguka soko nikiokota maganda!" Jepleting akashangaa. "Wewe niwekee, mimi nitakuja kuchukua."

Edinah akanunua ndoo nne zenye vifuniko, moja kwa kila ghorofa. Maganda na mabaki ya chakula ndani ya ndoo, mengine yote kwenye gunia. Jepleting akawa anakuja na tuktuk Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Hakuna anayemlipa mwenzake. Maganda anayachemsha kwanza, kisha anawapa nguruwe.

Wiki ya pili, magunia yalishuka hadi tisa. Edinah akaanza kulala usingizi.

Halafu Jumatano moja Jepleting alifika, asipakie kitu. Alifungua kiganja. Ndani kulikuwa na waya ya kusugulia sufuria.

"Mama Jerry, hii nimeitoa mdomoni mwa nguruwe. Mdomoni! Akikufa, utanilipa na nini?"

Akawasha tuktuk, akaenda. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili Machi iishe.

Edinah alibandika tangazo langoni, hakuna aliyesoma. Akapita mlango kwa mlango, na kila mtu akaapa si yeye. Ndipo alipoona bora kila mtu ajionee.

Saa kumi na mbili jioni, watu wakirudi kazini, alitandika gunia pale ngazi zinapoanzia, akamwaga ndoo ya ghorofa ya nne. Akaketi juu ya kigoda, akaanza kuchambua polepole. Hakufoka. Kila kisichokuwa chakula alikiinua juu.

"Hii betri ni ya nani? Na hii kijiko? Kijiko mzuri hivi, iko na maua."

Maxwel, kijana fundi wa simu anayeishi ghorofa ya nne, alijaribu kupita macho yakiwa kwenye simu.

"Maxwel, baba, ngoja. Chukua waya yako ya sufuria."

"Aa, mathe! Umejuaje ni yangu?"

"Si umeniambia sasa hivi?"

Ngazi nzima ilicheka. Jirani wa Maxwel, Sue, alishika ukuta asianguke. "Maxwel! Kumbe wewe huosha sufuria?"

Sue anasema tangu siku hiyo yeye hukagua maganda yake mara mbili. "Sitaki kuitwa kwa ngazi mbele ya watu. Afadhali nilipe faini."

Edinah alifanya hivyo jioni sita mfululizo, leo ndoo hii, kesho ile. Jioni ya saba alichambua mpaka chini, akakosa cha kuinua. Akampigia Jepleting simu. Jepleting alikuja, akapandisha mkono wa sweta, akakoroga kila ndoo mpaka kiwiko, kisha akapakia.

Machi ilipoisha, magunia yalikuwa sita kwa wiki, shilingi 3,600 kwa mwezi. Mzee Hezekiah hakuamini. Alizunguka jengo akitafuta mahali magunia mengine yalikofichwa.

"Alienda mpaka nyuma ya tangi," Edinah anasema. "Alidhani tunachoma. Akarudi amechafua viatu, akasema, 'Haya, taka imepunguziwa mshahara. Wewe kaa.'"

Sasa jengo la jirani, lenye nyumba 40, linataka awafundishe wapangaji wake kutenga taka, kila Jumamosi alasiri, kwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Edinah amekubali, ila kuna kitu anachotaka kwanza. Miaka 11 amefanya kazi hapa, na hajawahi kuwa na barua ya kuajiriwa. Alimwomba Mzee Hezekiah.

"Akaniuliza, 'Barua ya nini, na nimekwambia kwa mdomo ukae?' Nikamwambia, 'Mwalimu, hata kuondoka uliniambia kwa mdomo.'"

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Ameahidi kuileta Ijumaa, imepigwa chapa na kutiwa sahihi. Edinah ameshagonga msumari ukutani, juu ya kitanda, pa kuitundika.