Bati Lililogonga Msimu Mzima

Vuta hicho kiti usogee karibu, mwanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Nataka kukueleza habari ya lile jengo lenye baraza refu ulilolipita ulipokuwa unakuja, lile lililozungushiwa mabati. Lakini nitaanzia Mtinko, nilikokulia, ndipo nikulete hapa mjini. Usiniharakishe.

Kuna siku moja ya kiangazi ambayo haijanitoka. Mtama ulikuwa umeshapurwa, na Bibi yangu mzaa mama alikuwa uani anapepeta. Mjomba wangu alikuwa ameondoka na mke wake kwenda kutafuta kazi mbali, na tembe yake ilibaki tupu ng'ambo ya shamba letu. Wewe umezaliwa kwenye nyumba ya tofali na bati, kwa hiyo nikueleze tembe ni nini. Ni nyumba ya miti na udongo, paa lake limelala bapa: chini nguzo na miti, juu matawi, juu yake tena udongo ulioshindiliwa. Kila baada ya siku chache Bibi alinituma nikawashe moto ndani ya nyumba ile ya mjomba. Nikae mpaka moshi ujae, nifagie, ndipo nirudi. Mimi niliona ni kupotezewa muda tu. Siku hiyo nikamwambia, "Bibi, huo moto nawasha wa nani? Hakuna anayepika mle. Na mlango umefungwa vizuri, mwizi haingii."

Bibi akaweka ungo chini. "Nifuate," akasema.

Hakwenda kwa mjomba. Alinipeleka kwenye tembe ya jirani mmoja aliyekuwa amehama, ambayo hakuna mtu aliyeitazama tangu aondoke. Kwa nje ilikuwa imesimama vizuri kabisa. Bibi akafungua mlango kwa shida, tukaingia, akaniambia, "Bonyeza nguzo ile." Nikabonyeza. Kidole changu kikazama ndani ya mti kama kwenye ugali. Nilipokichomoa, unga ukamwagika chini, na mchwa wakatoka nyuma yake.

"Mlango tumeukuta umefungwa au haukufungwa?" Bibi akauliza.

"Umefungwa, Bibi."

"Mchwa alibisha hodi?"

Akaendelea, bila kupaza sauti: "Mlango unafungiwa mwizi, na mwizi anachukua sufuria tu. Kinachoua nyumba hakipiti mlangoni. Moshi unamsumbua mchwa, sawa, lakini moshi ni jambo dogo. Jambo kubwa ni wewe. Ukiingia, unaona. Ukiona, unakuja kuniambia. Haya, wewe mwenye akili nyingi, kawashe moto."

Nilikwenda mbio, mwanangu, na tangu siku hiyo sikuuliza tena moto ni wa nani.

Nilipokuwa mtu mzima nikaja Singida mjini, nikajifunza cherehani, nikapata nafasi kwenye baraza la Mzee Hango. Ndilo jengo lile. Lilijengwa na mfanyabiashara wa zamani, enzi za mkoloni, kuta za mawe nene kiasi kwamba jua likiwaka nje, ndani unajisikia umekaa kando ya mtungi. Mbao zake zilikuwa za mninga. Mzee Hango alilinunua akawa anauza vitambaa ndani, na sisi mafundi tukawa tunashona barazani. Mteja ananunua kitambaa, anatoka hatua chache, anapimwa. Sare za shule, magauni ya harusi, kanzu za Idi na nguo za Krismasi, nusu ya mji huu ilivalishwa pale.

Mzee Hango alikuwa na tabia moja. Asubuhi akishafungua milango, kabla hajamsalimia mtu, aliinua uso akatazama dari. Kona zote. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi ungemkuta juu ya ngazi, na umri wake ule, anapigilia msumari. Mafundi wenzangu walimcheka. Mimi sikumcheka, nilimwona Bibi yangu.

Alipofariki, watoto wake hawakuelewana. Mmoja yuko Dar es Salaam, alitaka liuzwe. Mwingine yuko Mwanza, alitaka libaki. Wa tatu ni Elia, anakaa hapahapa mjini, mtaa wa Utemini, kijana mpole, yeye alitaka tu ndugu zake wasigombane. Wakakubaliana jambo moja: lifungwe mpaka watakapoelewana. Elia akaja na kufuli kubwa.

"Shikamoo, Mama Mwajuma."

"Marahaba, mwanangu. Mnatufukuza?"

"Hatuwafukuzi, mama. Tunalitunza jengo. Ni kumbukumbu ya baba."

Petro, fundi mwenzangu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akadakia, "Kumbukumbu gani inafungiwa kama mbuzi wa kesi?"

Elia akacheka, lakini kufuli likafungwa. Tulihamia kwenye kibanda upande wa pili wa barabara, kwa hiyo kila siku nilishona huku nikilitazama. Petro alinitania, "Mwajuma, ukiendelea kulitazama hivyo, itabidi tulitumie mshenga."

Sikukaa kimya. Nilimwendea Elia, nikamwambia, "Tupeni vile vyumba viwili vya mbele tu, nifundishe wasichana kushona. Hatutadai kuwa ni letu. Tutafagia, tutafungua madirisha, na tutatazama paa." Elia alilipenda wazo hilo. Akawapigia ndugu zake. Jibu likaja kwamba mtu akishaingia hatatoka, afadhali libaki limefungwa. Nilirudi tena, na tena. Kila mara Elia aliniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi. Hakuna atakayeligusa. Limefungwa."

Halafu upepo. Unaujua upepo wa hapa kwetu wakati wa kiangazi. Uliinua bati moja, upande wa nyuma, likawa linagonga. Ga, ga, ga, mchana kutwa. Kama pangekuwa na mtu anayelala mle, au anayeuza chochote, hata maandazi, angepanda siku ileile akapiga misumari akaendelea na shughuli zake. Tulimwambia Elia. Akasema atawaeleza ndugu zake watakapokutana. Petro akasema, "Waambie wafanye haraka, jengo linabisha hodi kutoka ndani." Lile bati liligonga msimu mzima. Tulilizoea kama watu wanavyomzoea mgonjwa anayekohoa chumba cha pili.

Siku moja nikashtuka kwamba pako kimya. Petro akasema, "Afadhali, sasa tutasikia redio." Mimi nikavuka barabara, nikazunguka nyuma, nikainua uso. Bati halikuwepo. Upepo ulikuwa umelichukua. Nilisimama pale nikijua kila kitu kitakachofuata, na sikuwa na ufunguo.

Mvua zikaja, zikapita, zikaja nyingine, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka huu ndugu wale wameelewana. Ndiyo, mwanangu, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Elia alikuja kibandani kwangu akiwa na furaha kama bwana harusi. "Mama, umeshinda! Hatuuzi. Vyumba vya mbele ni vyako na wasichana wako. Upande ule tunaweka mgahawa, na katikati duka la vitambaa, kama enzi za baba." Alikuwa amekuja na fundi ujenzi. Petro akaacha cherehani yake na nguo ya mteja ikining'inia. Tukavuka wote.

Kufuli lilikuwa limeshika kutu, wakalimwagia mafuta. Mlango ukafunguka. Tulitegemea giza, lakini ndani kulikuwa na mwanga. Tukainua nyuso tukaona mawingu. Paa lilikuwa limelala juu ya meza aliyokuwa akikatia vitambaa Mzee Hango, maji yalikuwa yameshuka katikati ya ukuta na kuubomoa kutoka juu, na majani yalikuwa yameota pale tulipokuwa tunaning'iniza magauni. Nguzo moja bado ilikuwa imesimama, nzima kabisa kwa kuitazama. Sikuweza kujizuia, nikaibonyeza. Kidole kikazama.

Fundi akatembea, akagonga hapa na pale, akarudi. "Hapa hakuna cha kukarabati. Ukuta huu utaua mtu."

Elia alikuwa ameshika lile kufuli mkononi. "Lakini tulifunga, mama," akasema. "Hakuna aliyeiba hata msumari."

Kuuliza kama mchwa alibisha hodi kungekuwa ni kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka. Nilimshika mkono tukatoka nje.

Sasa litabomolewa, watajenga fremu za maduka, za tofali nyembamba, zenye joto la kuokea mkate. Na yale mabati uliyoyaona yamelizunguka ni mapya, yanang'aa. Mabati mengi kiasi kile, mwanangu, kuzungushia jengo lililokufa kwa kukosa bati moja.

Sitakudanganya kwamba nina matumaini. Tembea katikati ya mji huu uhesabu milango yenye kufuli la kutu. Kila mmoja una familia nyuma yake inayosema "tunalitunza jengo." Majengo ya zamani yamebaki machache, na kila masika yanapungua bila mtu kuyagusa. Mimi nimezeeka, ngazi siiwezi. Wasichana niliotaka kuwafundisha mle wamekwisha kuwa mama za watu.

Lakini wewe bado unaiweza ngazi, ndiyo maana nimekuita. Najua babu yako ameacha duka lile la kona, na najua wajomba zako hawajaelewana. Sikiliza basi. Kujadili nani atalimiliki kunaweza kuchukua miaka, na waache wajadili. Ninyi elewaneni kwanza nani ataingia. Awe kinyozi, awe muuza chai, awe mwalimu wa watoto wadogo, mtu yeyote atakayekuwa ndani mvua inaponyesha. Mwandikiane kwamba ni mpangaji, ili asiwepo wa kuogopa kwamba hatatoka. Jengo la zamani halihitaji kwanza pesa nyingi wala wageni wa kulipiga picha. Linahitaji mtu wa kusikia bati likigonga, mwenye ruhusa ya kupanda.

Mungu akupe miguu ya kupanda na macho ya kuona mapema, na akuepushe na siku ya kufungua mlango wa babu yako ukakuta mawingu. Wanao wakute kivuli ulichokikuta wewe.

Sasa nenda. Mvua bado hazijaanza. Kesho asubuhi mwombe mjomba wako ufunguo, azima ngazi hapa kwa Petro, fungua lile duka, uingie, uinue uso utazame juu.