Mguu wa Kiboko

Hapana, dada, sikitupi. Najua hakina ukurasa wa mwisho, umeshaniambia mara tatu. Kinuse kwanza. Bado kinanuka moshi wa korosho.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Ni kitabu cha picha: wanyama wanacheza ngoma kando ya mto, kiboko kajificha kwenye matete, anaogopa kuchekwa. Siku baba aliponiletea, tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia mjini kutoka Nanyamba. Shuleni wasichana walicheza kwenye duara kabla ya kengele, na mimi nikiingia wananipigia kelele, "Toka wewe, unacheza kama unatwanga muhogo!" Nikawa nasimama ukutani. Kwa hiyo nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama kiboko alikubaliwa.

Nafika mwisho, ukurasa hamna.

"Nimeuchana nikamfungia mgeni korosho," bibi akasema, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nililia mpaka nikapaliwa.

"Kwani huyu mnyama anangoja nini?"

"Anangoja aitwe, bibi."

Bibi hakujua kusoma, lakini aliivuta ile picha ya matete karibu na macho. "Mbona mguu keshaunyanyua?"

Nikaangalia. Kweli, mguu ulikuwa juu, na mimi nilikuwa nimeupita mbio mbio.

Nikafuta makamasi, nikaamua: kesho asubuhi, duara likianza tu, naingia katikati bila kuitwa, natwanga muhogo wangu mpaka vumbi litimke.