Vinaruka, Havizunguki

Mimi na baba tuliondoka Nyarugusu kwenda hospitali Shinyanga kwa sababu alitaka kupimwa ili arudi duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu analochimba tangu sijazaliwa. Alikuwa amelazwa, akachomwa sindano nyingi za maambukizi ya damu, akapona. Ila tangu arudi nyumbani anapepesuka. Zahanati walimpa vidonge vya kizunguzungu, mama akamwambia alale afumbe macho. Wapi!

Asubuhi stendi, konda alimwona baba ameng'ang'ania mlango wa basi. "Mzee, leo umeiwahi! Pombe ya wapi hiyo?" Watu wakacheka. Mimi naona aibu hata kuomba chaki darasani. Nikatazama viatu vyangu.

Baada ya Kahama, pale Buzwagi, baba akaniuliza, "Kulwa, kibao kile kimeandikwaje?" Basi liliposimama akakisoma mwenyewe. Lilipoondoka tu, herufi zikamtoroka.

Shinyanga, mchana. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa mama mmoja mpole.

"Shida gani, Baba Kulwa?"

"Kizunguzungu."

Akaanza kuandika. "Samahani," nikasema kwa sauti ndogo, "havizunguki. Huwa anasema vinaruka."

Kalamu ikasimama. "Vinaruka ukitembea?"

"Ee, kama mbuzi," baba akasema.

Mtaalamu akamwambia amtazame puani, akakigeuza kichwa cha baba ghafla. Macho ya baba yalienda na kichwa, ndipo yakairudia pua. Akatueleza: ndani ya sikio mna sehemu inayohisi kichwa kikigeuka, inayapeleka macho upande wa pili ili unachokitazama kitulie. Dawa iliyomwokoa baba ndiyo iliyoiharibu. Lakini macho yanaweza kuufundisha ubongo. Atazame kidole gumba huku anatikisa kichwa, kila siku, kwenye mwanga. Kidole kikiruka, ubongo unaona kosa lake, unajirekebisha kidogo kidogo. Vidonge aache, vinaulaza ubongo. Na kufumba macho ni kuufungia shule.

"Na shimoni?" baba akauliza.

Mama yule alivua miwani. "Kule gizani macho hayana cha kufundisha, na masikio ndiyo hayo. Utaanguka, Baba Kulwa. Usishuke tena."

Tuliposhuka Nyarugusu wachimbaji wenzake wakamzunguka baba. "Baba Kulwa! Unaingia lini?"

"Jumatatu," akajibu, akacheka nao.

Nimejifunza kwamba ubongo unaweza kufundishwa upya hata ukubwani. Baba anajua kazi moja tu. Leo anatikisa kichwa mbele ya kidole chake uani, na buti za shimoni ameshazianika juani.