Kihispania cha Babu wa Masoko

Tangu nistaafu ubwana shamba sijui kukaa. Nachukua gazeti, naliweka. Naenda gengeni kununua vitunguu ambavyo nyumbani vipo tele. Miaka thelathini nilikuwa juu ya pikipiki, leo Nyangamara kwenye korosho, kesho Rondo kwenye muhogo, na mwili haujapata taarifa kwamba kazi imekwisha. Kwa hiyo nilipoanza kujifunza Kihispania, mke wangu alidhani ni mahangaiko yaleyale yamepata mlango mwingine wa kutokea.

Haikuwa hivyo. Nilikuwa na mjukuu nisiyeweza kuzungumza naye.

Binti yetu wa pekee aliolewa na kijana wa Kihispania aliyekuja Kilwa kuchunguza matumbawe. Kijana alisilimu, ndoa ikafungwa hapahapa mjini Kilwa Masoko, wakaenda kwao, na mtoto wa kike akazaliwa huko. Mwanzoni binti alimsemesha Kiswahili. Mtoto akawa anaelewa kidogo na kujibu kwa Kihispania, mwisho mama mtu akachoka. Simlaumu sana, ingawa wakati ule nilimlaumu sana. Kila Jumapili alasiri tulipigiana simu ya video: mtoto anasema hola, anapunga mkono, anakimbia. Akafika miaka sita, na mimi kisogo chake nakijua kuliko uso.

Ndipo ikaja habari kwamba mwezi wa nane watakuja wote, wiki tatu nzima. Mke wangu akaanza kupanga mashuka. Mimi nikaingiwa na hofu. Nikawa namwona mawazoni mtoto ameketi sebuleni kwangu akinitazama kama mtu aliyemkuta kwenye foleni ya benki, wiki tatu zinakwisha, anaondoka. Halafu siku moja anaambiwa babu yako amefariki, naye anauliza, yupi? Nilikuwa na miezi mitano ya kuzuia jambo hilo.

Nilijifunza kwa miguu. Programu ya simuni ilitaka nipitie Kiingereza kwanza, lugha ya watu kuifikia kwa lugha nyingine ya watu, nikaifuta siku ya tatu. Nikamwambia binti anitumie sauti yake, sentensi tatu kila siku. "Za hotelini sizitaki," nikamwambia, "sina haja ya kuuliza chumba kina bafu. Nipe za mtoto." Akanipa. Naweka sikioni, natoka nyumbani, nashuka sokoni, nafika karibu na bandari, narudi, mdomo unacheza. ¿Tienes hambre? Una njaa? Ven aquí. Njoo hapa. Mama mmoja muuza pweza akanisimamisha.

"Shikamoo, mzee wangu. U mzima kweli? Wiki nzima unapita unasema peke yako."

"Marahaba. Nasema na mjukuu wangu."

"Yuko wapi?"

"Ulaya."

Akanitazama kwa huruma, akaniombea dua palepale mbele ya wateja. Nilikasirika, lakini nilipofika nyumbani nikamuuliza binti pweza kwao anaitwaje. Pulpo. Wanamla? Wanamla sana, na zamani walikuwa wakimpiga kwenye jiwe kumlainisha, kama sisi. Siku ile nikawaona Wahispania ni watu.

Kilichonishangaza ni kwamba mdomo haukukataa. A, e, i, o, u za kwao ni zetu hizihizi. Meza ni mesa, bendera ni bandera. Mimi Mmwera wa Rondo niliyeanza kusema Kiswahili sawasawa nilipoingia shule sikuona lugha hii ni mlima. Kilichonishinda ni salamu yao. Mimi nikikutana na mtu nataka habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mvua, ndipo tuingie kwenye jambo. Wao hola, ¿qué tal?, na kabla hujajibu wameshaingia kwenye jambo. Nikamwambia binti hiyo si salamu, hicho ni kikohozi. Akacheka, lakini hakunipa nyingine.

Miezi mitatu ikapita. Nilijua kumuuliza mtoto amekula nini, amecheza na nani, shule ilikuwaje. Alinijibu kwa neno moja moja, akakimbia. Nikaona kosa liko wapi: hayo yalikuwa mahojiano, na babu hamhoji mjukuu. Babu humtania. Kwetu mjukuu mzuri hasifiwi usoni, maana husuda haiko mbali. Huitwa mbaya, basi. Bibi yangu kule Rondo hakuwahi kuniita vingine. "Mbaya wewe, njoo ule." Nami nilimjibu, "Mbaya mwenyewe, utakufa lini tule pilau?" Alicheka mpaka akashika mbavu, akaniongezea mboga. Hakuna mtu duniani aliyenipenda kama yule.

Basi nikatunga sentensi yangu ya kwanza mwenyewe. Sikumuuliza binti, nilitaka kuwashtukiza. Nikaifanyia mazoezi siku nne kwenye njia ya bandarini, na Jumapili, mtoto alipotokea tu kwenye simu, nikaitoa wazi, kwa bashasha: "¡Qué fea eres! Tienes la nariz de tu abuelo." Mbaya wewe, pua hiyo ya babu yako. Nikasubiri anirudishie.

Safari hii hakukimbia. Alisimama, akaweka kiganja juu ya pua. Nikadhani anacheza, nikacheka, na nadhani kicheko changu ndicho kilichommaliza. Uso ukakunjamana. Simu ikaanguka, ikawa inanionyesha dari ya nyumba yao, nikasikia kilio kinakwenda mbali.

"Baba, umemwambia nini?" Ilikuwa sauti ya binti.

"Nimemtania."

"Umemwambia ni mbaya."

"Ndiyo. Kama kila babu."

Akanieleza. Shuleni kwake kulikuwa na watoto wawili waliomwita kwa neno hilohilo, fea, kwa sababu ya nywele zake na pua yake. Wao hawakuwa wanatania. Kuna asubuhi alikataa kuvaa sare. "Nilikuwa namwambia," binti akasema, "subiri twende Kilwa kwa babu, kule watu wana pua kama yako, hakuna atakayekusema."

Kesho yake ukaja ujumbe. Mtoto hataki kuja, nao hawataki kumlazimisha. Pengine mwakani.

Kwanza nilikasirika. Niliwakasirikia wale watoto wawili, shule yao, nchi yao, na binti kwa kunificha. Kisha nikawa sina wa kumkasirikia ila mtu mmoja, na huyo nilikuwa natembea naye kutwa. Nilifika bandarini mara tatu kwa siku. Nikapanda basi hadi Rondo kuangalia mikorosho ya dada yangu ambayo haikuhitaji kuangaliwa na mtu, nikarudi kabla hajamaliza kunipikia. Kila nilipokaa niliona kile kiganja juu ya pua. Niliumia, nasema wazi, kuliko nilivyoumia siku nilipoachishwa kazi kwa umri.

"Unazunguka nini?" mke wangu akaniuliza. Alikuwa anachambua mchele. "Mwombe radhi."

"Nimwombe radhi mtoto wa miaka sita?"

"Si wewe uliyemliza?"

"Baba yangu hakuwahi kuniomba radhi, na alinichapa mara ngapi bila kosa."

"Na wewe mpaka leo unazihesabu," akasema, akapepeta.

Nikamwandikia binti anipe maneno ya kuombea radhi. Akajibu, "Haya yatafute mwenyewe, baba. Ukisema maneno yangu, atajua." Nikayatafuta siku kumi. Nilirudia sauti zote alizowahi kunitumia, nikichomoa neno hapa, neno pale, na yaliyokosekana nikayatafuta kwenye kamusi ya simuni.

Jumapili mtoto aliletwa mbele ya simu akiwa ameinamisha kichwa. Sikuweza kukaa, nilizungumza nimesimama dirishani. Perdóname, nikamwambia. Nisamehe. Nikamwambia, kwa Kihispania changu cha kuungaunga, kwamba bibi yangu alikuwa akiniita mbaya na mimi nilikuwa nacheka. Wewe hukucheka. Kosa ni langu, si lako. Kisha nikageuza uso upande mbele ya simu, pua yote ionekane, nikasema pua hii ninayo miaka sitini na mitatu na haijawahi kunitupa.

Akainua kichwa. Aliitazama kwa muda mrefu, kwa makini, mpaka nikaanza kuona aibu. Akauliza jambo haraka haraka, sikulishika, mama yake akanitafsiria: anauliza, na huyo bibi yako, yeye pua yake ilikuwaje?

"¡Más grande!" Kubwa zaidi.

Akacheka. Meno mawili ya mbele hayakuwepo na sikusema chochote kuhusu meno. Tukazungumza, sijui dakika ngapi, kuhusu pua ya marehemu bibi yangu, kuhusu kuku wetu, kuhusu kama Kilwa kuna aiskrimu. Nilipokosa neno nilionyesha kwa mikono. Alipochoka akasema, "Te quiero, abuelo." Ni neno lao la kumalizia, humwambia hata baba yake anayekwenda dukani. Nakupenda, babu. Nami bila kufikiri nikajibu, "Te quiero," akakimbia zake.

Binti akachukua simu. "Anasema atakuja. Anataka kuona picha ya huyo bibi."

"Alhamdulillahi. Hakupigwa picha hata moja, lakini aje."

Nilitegemea aniage. Hakuniaga.

"Baba."

"Naam."

"Mimi hujawahi kuniambia hivyo."

"Hivyo nini?"

"Hivyo ulivyomwambia yeye sasa hivi."

Nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi. Nilitaka kumkumbusha kwamba nilimpeleka shule kwa pikipiki miaka saba, mvua na jua. Kwamba alipougua tumbo nilimbeba mgongoni mpaka hospitali. Nikamwambia mambo hayo kwetu hayasemwi, yanaonekana.

"Najua, baba," akasema. "Niliyaona yote."

Lakini hakukata simu. Mke wangu alikuwa mkekani na mchele wake tena, naye ameacha kupepeta. Kwa Kihispania neno lile lilikuwa limenitoka kama chafya, kwa sababu halikuwa langu. La Kiswahili lilikuwa na uzito wake wote, uzito wa miaka thelathini na minne tangu azaliwe. Nikageukia ukutani.

"Nakupenda, mwanangu."

Upande wa pili kukawa kimya kabisa.

"Mtandao ulikatika, baba," akasema mwisho, kwa sauti ya mtu mwenye mafua. "Rudia."

Mtandao haukukatika. Nilikuwa nimemsikia akipumua muda wote. Nikarudia.