Nilimfuta Babu wa Watu Kwenye Picha

Jamani, nimekosa, na wala simsingizii shetani. Mkono uliofanya ni huuhuu ninaoandikia.

Mimi ni Mzanzibari, nakaa Aston, hapa Birmingham. Miaka ile ya elfu mbili mwanzoni nilikuwa nauza picha kuukuu za rangi, zile Waingereza walizochora enzi za Malkia Victoria: nyumba za shamba, kondoo, wavuvi ufukweni. Nazinunua chafu mnadani, nazisafisha mwenyewe jikoni, nawapelekea wenye majumba makubwa Moseley. Wateja wangu hawakutaka huzuni ukutani. Basi nikikuta kaburi nalifunika kwa majani, nikikuta mtoto analia namfuta machozi. Nikajiona fundi kweli!

Sasa, kule Erdington alikuwepo bibi mmoja wa Kiingereza, mjane, hana mtoto. Alinipenda kama mwanawe. Alipokuwa anahamia nyumba ya wazee, alinipa picha yake ya ufukweni nimsafishie, akaitundike chumbani.

"Nikifa itakuwa yako," akaniambia. "Ila mtunze babu yangu, yumo humo. Sura yake nyingine hatuna."

Kwenye picha, wanawake wameinama mchangani wanalia, mbele yao maiti ya mvuvi aliyezama, imelazwa juu ya tanga. Pembeni kasimama mzee wa ndevu, kashika wavu. Nikajiambia babu ndiye huyo mwenye ndevu. Sikuuliza! Kinywa ninacho, sikuuliza!

Tamaa ikaniingia. Bibi hana siku nyingi, nikawaza, picha itakuwa yangu, na yenye maiti nani ataitaka? Tena nikajipa moyo kwamba namfanyia hisani, mtu mzima alale na maiti chumbani? Nikamkwangua yule maiti kwa kisu mpaka kwenye kitambaa cha picha, ili rangi mpya isifanye uvimbe, juu yake nikapaka mchanga. Mzee wa ndevu nikamng'arisha vizuri.

Nilipompelekea, bibi alivaa miwani, akatazama muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole pale mchangani.

"Babu yangu yuko wapi?"

Nikamwonesha yule mzee.

"Huyo alikuwa jirani yao. Babu alilala hapa. Mchoraji alikuwepo siku walipomtoa majini."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze! Nikamwambia nitamrudisha. Uongo mtupu! Ningemrudisha vipi, na sura yake hata mimi siikumbuki?

Hakunigombeza. Aliomba picha igeuzwe, iangalie ukuta. Wauguzi waliniambia kila siku alikuwa akiwauliza kama babu yake keshapatikana. Amekufa anauliza.

Mke wangu nilipomweleza alishika kichwa. "Ushamzamisha tena maskini wa Mungu, baba Zuhura!" Akaondoka, akaniacha na sahani yangu ya chakula.

Picha ikaja kwangu kama bibi alivyoahidi. Kuiuza siwezi, kuitupa siwezi. Juzi binti yangu, aliyezaliwa hapahapa, kasimama mbele yake.

"Dad, hawa wanalilia nini? There's nobody there, hamna mtu."

Nilitoka nje nikalia.

Nyinyi mnaopewa vitu vya watu mvitengeneze, nawaomba, msijifanye mnajua. Ulizeni kwanza. Ningemuuliza bibi swali moja tu, yule mtu angekuwepo mpaka leo.